Lodi Torkil na Bonde la Kondoo
Mtu mmoja huko Uskoti, zama za wanaume kuvaa wigi, alikuwa na bonde zima, tena na watu ndani yake. Jina lake Torkil. Watu walimwita Lodi kwa sababu baba yake alikuwa lodi na babu yake vilevile; yeye cheo hicho hakukitolea jasho hata tone.

Bonde lilimchosha mapema. Alikwenda vitani kumpigania mfalme, akarudi na nishani kifuani na kovu shavuni. Wenye midomo yao walisema kovu lile alilipata kwa kinyozi, lakini hayo tuyaache. Kisha akahamia London, akapewa kiti katika baraza la wakubwa, akawa mtu wa kuinamiwa. Unga aliojipaka kwenye wigi ungetosha kulisha nyumba ya watu. Na ukubwa ule ulitaka kulishwa kila siku, kwa hiyo msimamizi wake akamshauri awatoe watu bondeni, aweke kondoo, maana sufu ilikuwa na soko. Lodi alikuwa anakunywa chai. Akaitikia kwa kichwa tu. Nyumba zikavuliwa mapaa. Watu wakapanda meli pamoja na vikongwe wao na zumari zao, wakaenda ng'ambo, wasirudi.

Uzee ukamfika. Alipokipoteza kile kiti barazani, wageni nao wakamkatikia kama mvua. Mke alikwisha kufa, mtoto hakujaliwa. Akaona heri akafie kwao.

Alikuta bonde halina moshi hata wa chungu kimoja. Kondoo walimtazama, wakaendelea kula. Binadamu alikuwa mmoja tu, mchungaji aitwaye Murdo, mgeni kutoka kusini. Lodi alimwita ndani, akamkalisha karibu na moto, apate tu kusikia sauti ya mtu. Akamweleza desturi ya ukoo: lodi wa pale huzikwa upande wa pili wa mlima, walikolala baba zake. Njia haipitiki kwa mkokoteni, hivyo hubebwa mabegani na watu wake mwenyewe, wakipokezana mpaka kaburini. Hilo ndilo alilobaki kulitamani duniani. Akamwagiza Murdo awatafute wabebaji mapema.

Murdo alivua kofia, akaikunjakunja mkononi.

"Bwana mkubwa, mimi mabega ninayo mawili tu, na kondoo hawabebi jeneza."

Lodi hakukasirika. Alimwomba tu asiondoke mpaka moto uzimike.

Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Murdo alimburura mpaka nyuma ya zizi, mahali nguvu zake zilipokomea, akamfukia hapo na nishani zake zote.

Nawe, mwenzangu, unayewaondoa watu njiani ili upate kupanda juu: siku utakapolala chali usiweze kuinuka, umemwacha nani karibu wa kukubeba?