Chumba cha Katikati Kilichopanda

Nimeletewa hii na shangazi yangu, naye hakumbuki aliipata wapi. Ukiimaliza, mpelekee yule ndugu yako anayekosa raha kwa mafanikio ya watu. Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa katikati, kwa hiyo usiogope.

Ndugu watatu walijenga nyumba moja ndefu yenye milango mitatu, kwenye tambarare iliyotokana na matope ya mto ya miaka na miaka. Mkude alichukua mlango wa mwanzo, Kobelo wa mwisho. Wa katikati ulikuwa wa ndugu yao wa pili, ambaye alifariki mapema akamwacha mjane wake, Sikudhani, na watoto wanne.

Ardhi ile ilikuwa sawa kabisa. Fundi aliipima kwa mpira wa maji, na kila mtu alishuhudia.

Masika ya tatu yakaleta maajabu. Sikudhani akimwaga maji sakafuni, nusu yanakwenda kwa Mkude, nusu kwa Kobelo. Kuta zikapasuka pande zote mbili za chumba chake, na bati la katikati likatuna kama nundu ya ng'ombe.

Mkude na Kobelo walitazamana wasielewe. Mjane asiye na duka wala shamba la maana, anapandaje? Kuna waliosema nyumba imelogwa, na kuna waliosema marehemu anambeba mkewe. Hata Sikudhani alianza kujishuku mwenyewe, akawa anachungulia chini ya kitanda kila asubuhi.

Wale wawili hawakukubali kubaki chini. Kila mmoja alileta kifusi, mikokoteni ishirini, akainua sakafu yake mpaka ikalingana na ya shemeji yao. Wakastarehe masika moja tu. Yaliyofuata, chumba cha katikati kilikuwa juu kuliko mwanzo. Wakaongeza kifusi. Kikapanda tena. Hapo nilirudia kusoma mara mbili, maana haikuniingia akilini.

Mwishowe ukoo ukakaa kikao. Ikaamuliwa kwamba Sikudhani aitoe hirizi aliyoizika, la sivyo Ijumaa aondoke na watoto wake. Alilia, akasema hana cha kutoa. Ijumaa ilipofika, mizigo yake ilikuwa imefungwa tayari mlangoni, na watoto wamekaa juu yake.

Kobelo hakutaka hirizi ibaki, akaingia na sururu kuvunja sakafu ya shemeji yake. Siku hiyo alikuwepo Ngwendu, mchimba visima, mtani wa ukoo ule. Alikuja kula ubwabwa na kuwacheka, na mtani hanuniwi.

Sururu ikagonga kitu kigumu. Watu wakarudi nyuma. Wakafukua kwa mikono, wakakuta mwamba. Wakautafuta mwisho wake, wakafika ukuta mpaka ukuta bila kuuona.

Ngwendu akaacha sahani. Akachukua nondo ndefu, akaenda kwa Mkude, akaisukuma ardhini. Ikazama yote. Akaenda kwa Kobelo, ikawa vilevile. Akarudi huku anacheka.

"Vichwa maji ninyi," akasema. "Huyu mama hajapanda hata unene wa ukucha. Yuko pale pale mlipomwacha. Ninyi ndio mnaozama."

Akawaeleza kwamba chini ya tambarare ile kuna kilima cha mwamba ambacho mto ulikifukia zamani. Kwa Sikudhani matope ni machache juu ya jiwe. Kwao matope yanakwenda chini sana, na matope mengi yakikandamizwa hushuka zaidi kuliko machache. Juu yalionekana sawa, chini hayakuwa sawa hata siku moja.

Mkude akauliza taratibu, "Na kifusi chetu?"

"Ni mzigo huo. Ndio uliowadidimiza zaidi."

Hakuna aliyeomba radhi. Niliitafuta hiyo sentensi, haipo. Ila Kobelo aliinama akabeba furushi moja la shemeji yake kulirudisha ndani, na Mkude akakohoa mara mbili.

"Shemeji," akasema, "tukisogea upande wako, nafasi itapatikana?"

Sikudhani aliwatazama wote wawili, kisha akatazama sakafu yake iliyovunjwa.

"Itapatikana," akajibu. "Anzeni kwa kufukia shimo."

Funzo: Ukimwona mwenzako yuko juu yako, usikimbilie kuuliza nani amempandisha. Pima kwanza palipo chini ya miguu yako, huenda yeye hajasogea na wewe ndiye unayeshuka.