Fuko na Shimo la Upana wa Ungo

Hapo zamani za kale, wanangu, na kaeni vizuri maana sirudii, palikuwa na bonde ambalo mwamba wake ulilala tabaka juu ya tabaka, kama chapati sahanini. Chini ya bonde hilo alikaa Fuko na mkewe na watoto saba. Babu yake alizaliwa humo, na baba yake alizikwa humo.

Siku moja mto uliamka na mafuta juu ya maji, yale mafuta ya mwamba ya kuwashia taa. Haikupita wiki, Ndovu na Kifaru wakafika na mizigo yao, kila mmoja akitaka bonde liwe lake.

Shauri likapelekwa kwa Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mwamuzi wa nchi ile. Fuko akaeleza kwamba pale ndipo kwao, ana watoto na makaburi ya wazee. Ndovu akacheka mpaka masikio yakapiga pwaa, pwaa.

"Mheshimiwa," akasema, "shamba la huyu bwana liko wapi? Mimi silioni. Mwenye ardhi ni yule anayeikanyaga juu. Chini hakuna mwenyewe. Anayefika ndiye mwenye mali."

Kifaru akaunga mkono, Pofu akakubali, na maneno hayo yakawa sheria. Pofu akaongeza kwamba mwezi ukiandama tena, atakayeleta mtungi uliojaa mafuta ndiye atakayebaki bondeni. Wengine watahama.

Fuko aliumia, wanangu. Aliumia sana. Lakini hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: apewe kipande cha juu, upana wa ungo wa mkewe, pale mlangoni pake.

"Ungo?" Ndovu akasema. "Mpeni na kawa la kufunikia."

Wakampa, kisha hao wawili wakagawana bonde lote lililobaki.

Kazi ikaanza. Ndovu aliamini wingi. Alitoboa huku, akatoboa kule, tu, tu, tu, mashimo mia, na hakuna hata moja lililozidi urefu wa mkonga wake. Bonde likawa kama chekecheke. Kifaru alimdharau, maana yeye aliamini kina. Shimo lake lilikuwa moja, nalo lilishuka wima, ku, ku, ku, bila kugeuka.

Na Fuko? Fuko alikuwa anatembelea majirani. Asubuhi moja alimpelekea Kifaru uji, akamsifu mpaka yule mkubwa akatuna shingo.

"Mzee, kwa pembe hiyo mwamba gani utakushinda?" Fuko akasema. "Ila hujakutana hata na unyevu?"

"Nilikutana nao juzi, pima ishirini chini," Kifaru akajigamba. "Tabaka jembamba tu, pembe ikapata mafuta kidogo. Nikalipita. Mimi sifuati matone, nafuata bahari."

"Haki yako, mzee," Fuko akasema, akainama kwa adabu. Alipofika njiani akatimua mbio.

Akaanza kuchimba kwenye ungo wake, mkewe na watoto wakitoa udongo. Walipofika pima ya ishirini, lile tabaka likawapaka mafuta miguuni. Hapo Kifaru alikuwa ameendelea kushuka. Fuko akakata kona. Akalifuata tabaka lenyewe kwa ubavu, kwaru, kwaru, kwaru, likampeleka chini ya shamba la Ndovu, kisha chini ya shamba la Kifaru. Kila hatua ilitoa matone machache, na hatua zilikuwa nyingi.

Mwamba ule haukuwa na huruma. Kucha zake zilikwisha, mikono ikavimba. Mkewe akamsihi apumzike, walau siku moja.

"Tukipumzika tunahama," Fuko akamjibu. "Nami wajukuu wangu nataka wazaliwe humu humu."

Mkewe akajifunga kanga upya, wakaendelea.

Mwezi ukaandama. Ndovu alileta mtungi wenye vumbi. Kifaru alileta maji ya chumvi, maana alikuwa ameyapita mafuta zamani. Fuko na wanawe saba wakauburura mtungi wao mpaka barazani, ukimwagika njia nzima kwa kujaa.

"Huyu ni mwizi!" Ndovu akanguruma. "Amepita chini ya shamba langu."

Pofu akamtazama kwa utulivu. "Ndovu, na chini kuna mwenyewe?"

Ndovu akaanza kusimulia mashimo yake mia.

"Nakuuliza mbele ya baraza. Chini kuna mwenyewe?"

"Hakuna, mheshimiwa," Ndovu akasema, kwa sauti ambayo hata panya angeionea haya.

Siku ileile Ndovu na Kifaru walifunga mizigo yao. Walipopita mlangoni kwa Fuko, mkewe alikuwa amekaa anapeta mtama kwa ungo uleule, na hakuinua uso.

Hadithi yangu imefika chini, nami napanda zangu juu na neno moja: sheria unayomtungia mnyonge, itunge ukijua ipo siku nawe utasomewa.