Bilauri ya Generosa

Jambo la mwisho la kawaida siku ile lilikuwa utani. Otilia alikuwa akifunga mkanda huku akiitazama ile ndege kuukuu ya shemeji yake, Mzee Kapinga.

"Shemeji, hili lidege limenizidi umri. Likizimika huko juu je?"

"Lina injini mbili. Moja ikizimika, nyingine itatufikisha."

Otilia alikuwa mdogo wa Generosa, marehemu mke wa mzee. Matanga yalikwisha, na sasa alikuwa akirudishwa kwake, ng'ambo ya milima.

Generosa alipokuwa hai, ndege haikuruka kabla hajakinga mafuta kidogo kutoka kila tangi kwa bilauri yake ya kioo na kuyatazama juani. Maji, ambayo huzima injini, yakiwamo, huzama chini, yakaonekana. Alipofariki, mzee aliifunga bilauri ile katika kitambaa cheupe, akaiweka nyuma ya kiti chake ili asafiri nayo. Hakuthubutu kuitumia. Wala hakutaka chombo kingine kishike nafasi yake. Basi mafuta hayakukingwa tena.

Juu ya milima, injini ya kushoto ilikohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza.

"Shemeji?"

"Tulia. Ipo nyingine."

 Lakini mzee aliisikiliza injini ya kulia kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Kazi hiyo alikuwa ameizoea kando ya kitanda cha Generosa. Chini palikuwa na majabali na msitu, hapakuwa na hata kishamba cha kutua.

Kisha ya kulia nayo ikakohoa.

Hapo ndipo alipoelewa. Injini zilikuwa mbili, lakini zote zilinywa mafuta yaliyotoka pipa moja.

"Shemeji, tunakufa?"

"Sijui," alisema.

Uwanja ulijitokeza nyuma ya kilima cha mwisho. Injini ilizimika kabla magurudumu hayajagusa nyasi. Ndege ikadunda, ikaserereka, ikasimama.

Otilia alishuka, akakaa chini palepale.

"Dada angekuwa hai," alisema, akilia na kucheka, "leo ungelala nje."

"Ningelala nje," mzee alijibu.

Asubuhi iliyofuata aliifungua bilauri, akainama nayo chini ya bawa, akakinga mafuta. Aliiinua juani. Nusu yake ilikuwa maji.

Funzo: Tuliyempenda hatunzwi kwa kufungiwa vitu vyake kitambaani, hutunzwa kwa kuifanya kazi aliyotuachia.