Vitambaa vya Mtoto wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mlio mbali sogeeni, mlio karibu msisinzie.

Hapo zamani za kale, kabla nepi hazijaitwa nepi, watoto walifungwa vitambaa vya pamba, na vitambaa vilifuliwa kwa maji ya majivu. Katika kijiji kimoja palikuwa na mama kijana, jina lake Siwema. Aliolewa mbali na kwao, akajifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo alilia. Akinyonya, alilia. Akibebwa, alilia. Akilazwa, nyaa! nyaa! Mapaja yake yote yalikuwa yamechubuka.

Siwema alidhani ni uchafu. Akafua. Akazidisha majivu, akafua tena, akaanika juu ya jiwe jua la mchana likiwaka. Vitambaa vikatoka vyeupe, lakini vikakauka kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Mtoto akazidi kulia.

Kisima kilikuwa mbali, mto mbali zaidi, na mkwewe, Bi Hidaya, ndiye aliyegawa maji. Mtungi wa kunywa, mtungi wa kupikia, na kata chache za kufulia. Siwema hakuthubutu kuomba zaidi. Mgeni ni kuku mweupe.

Maneno yakaanza. Ikasemwa maziwa yake ni machungu. Ikasemwa kwao kuna kitu. Bi Hidaya akamwambia mwanawe, Makame, amrudishe mke kwao. Mtoto abaki, atatafutiwa wa kumnyonyesha. Makame akainamisha kichwa. Hakukubali, hakukataa. Siwema aliyasikia yote nyuma ya kiambaza. Akaanza kufungasha nguo zake, machozi yakimtiririka kimya.

Hapo ndipo alipoitwa Bi Mwaka, mkunga mzee aliyewapokea karibu wote waliozaliwa kijijini, Makame mwenyewe akiwamo. Aliitwa aje athibitishe kwamba maziwa ni mabaya.

Akaamkiwa, akaketi. Hakuyaulizia maziwa. Alimfungua mtoto, akatwaa kitambaa kilichoanikwa, akakikunja: kwara! kwara! Kisha akajifunga nacho shingoni, akaomba kazi. Akapewa mahindi ya kutwanga. Akatwanga, twi! twi! jasho likamtoka, kichwa kikienda huku na huku. Watu wakamtazama tu.

Alipokifungua kitambaa, shingo ilikuwa imechubuka kote kilikopita.

"Je, nami nimenyonya kwa Siwema?" akauliza.

Bi Hidaya akaitazama shingo ile.

"Maji hayatoshi, Bi Mwaka," akasema.

"Basi yasije. Nguo ndizo ziende."

Akajitwika kapu la vitambaa, na uzee wake ule, akashuka mtoni. Siwema akamfuata. Majivu akatia kidogo tu. Akafua. Akasuuza. Akasuuza, akasuuza, mpaka maji yakatoka meupe na utelezi ukaisha mkononi. Akavikung'uta, pwa! pwa! Akavianika kivulini penye upepo. Kabla havijakauka kabisa akavifikicha, kimoja kimoja, na kumpa Siwema avishike. Vilikuwa laini kama sikio la mwana mbuzi.

Mtoto alifungwa, akalala. Siku zikapita, ngozi ikapona. Habari ya maziwa haikutajwa tena, wala hapana aliyeomba radhi.

Lakini asubuhi moja Siwema aliamka, asilione kapu. Akashuka mtoni. Akamkuta Bi Hidaya amesimama majini, kanga ameipandisha magotini, anasuuza. Siwema aliingia majini, akashika ncha ya pili ya kitambaa, wakakikamua pamoja.

Bi Mwaka alifariki zamani. Hata hivyo, katika kijiji kile, msichana akifua kwa pupa huambiwa, "Suuza kama Bi Mwaka."

Basi, wenzangu, mtoto akilia, shikeni kwanza kinachomgusa, ndipo mumshike anayemnyonyesha.

Hadithi yangu imekoma hapo. Aliyeisikia na aende nayo.