Kitandiko Kisicho na Dhikri

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Wasiti, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mjane aitwaye Bibi Atika binti Safwani, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kufuma vitandiko vya meza kwa shanga. Kitanda chake cha kufumia alikitengeneza mwenyewe: vijiti vinne vya mtende vilivyofungwa kwa kamba kwenye pembe, na miiba iliyopigiliwa juu na chini ya kutegea nyuzi. Kilikuwa kibovukibovu, ukikiegemea kinalia. Lakini kazi iliyotoka humo watu waliifuata kutoka mbali.

Wala hawakufuata uzuri. Bibi Atika alikuwa na desturi yake: kila ushanga alioutia uzini aliutamkia "Yaa Shaafi," yaani Ewe Mponyaji, na ule aliousahaulia neno aliuchomoa akaanza tena. Kitandiko kimoja kilikuwa na shanga elfu mbili na ushei. Basi mtu akiugua, jamaa zake walitandika kitandiko cha Bibi Atika mbele yake na chakula chake kikawekwa juu. Wengine walipona, na watu mnawajua. Waliopona walitajwa kila baraza, waliokufa hawakutajwa.

Kisha akaugua binti yake mwenyewe. Jina lake Unaysa, umri wake miaka saba, na hakuwa na mwingine. Bibi Atika akamfumia kitandiko cha shanga za buluu, rangi aliyoipenda mtoto, na hakupitisha hata ushanga mmoja bila neno lake. Siku arobaini mtoto akalishwa uji juu ya kitandiko kile. Siku ya arobaini na moja akafa, na kijiko kingali mkononi mwa mama yake.

Ndugu zangu, msiwe wepesi wa kusema angesubiri. Nimewasikia wanaosema hivyo, na wengi wao hawajazika mtoto. Bibi Atika alisubiri. Hakurarua nguo, hakupiga makelele, hakuacha swala hata moja. Lakini moyo wake ulikauka. Aliinama na kuinuka kama mtu anayefuatisha tu, na alipokaa kufuma, lile neno lilifika kooni likakwama, kwani kila akitaka kulisema aliona uso wa mwanawe. Mwisho akaacha kujaribu. Akawa anafuma kimya, maana mikono ikikaa bure alihofia akili itampotea. Vitandiko alivyovifuma hivyo alivirundika pembeni, asimpe mtu, akala alichopewa na majirani.

Mwezi wa tano tangu msiba akamjia Bibi Lubaba, mke wa muuza tende. Kijana wake wa pekee, Hamduni, alikuwa taabani kitandani.

"Siku tatu hajatia kitu kinywani," alisema, hata hajaketi. "Leo ameniambia, mama, nitandikie kile cha Bibi Atika, nami nitajaribu kula. Naona unavyo pale. Nipe kimoja, dada yangu, nakuomba."

Bibi Atika akalitazama lile rundo. Angesema neno moja tu, chukua, na mgonjwa angekula. Nani angejua? Shanga hazisemi. Na Shetani naye hakosi maneno mazuri. Alimnong'oneza kwamba huko ndiko kumhurumia mwenzio. Kabla hajajibu, Bibi Lubaba akanyoosha mkono mwenyewe akakitwaa kitandiko cha juu.

"Ngoja kwanza," Bibi Atika akasema. "Hicho hakina dhikri. Hata ushanga mmoja. Tangu nimzike mwanangu lile neno halinitoki."

"Kwa nini umeniambia? Ungeninyamazia tu nikaenda zangu."

"Ningekudanganya, na nyumbani una mgonjwa."

Bibi Lubaba akakigeuzageuza kile kitandiko mikononi. Kisha akauliza polepole, "Na kile cha mwanao, dhikri zilikuwemo?"

"Zilikuwemo zote."

Hapo Bibi Lubaba akaketi chini, akalia. "Nilikuja kwako kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kuomba," akasema. "Nikiinua mikono naona kama nabisha mlango ambao wenyewe wamehama. Nikasema, nitakwenda kwa Atika, yeye ana ulimi."

"Sina," Bibi Atika akajibu.

Wakakaa vile wanawake wawili, hakuna wa kumfariji mwenzake. Halafu Bibi Lubaba akasema, bila kuinua kichwa, "Yaa Rabbi, hatuna hata la kukwambia." Na Bibi Atika akaitikia, "Amin." Ndilo neno la kwanza lililomtoka moyoni tangu siku ya mazishi.

Bibi Lubaba akaondoka na kitandiko. Akamweleza kijana wake mambo yote kama yalivyokuwa, hakumficha. Hamduni akala vijiko vitatu, akasema inatosha.

Sasa najua mnachokingoja. Mnangoja niseme akapona. Hakupona. Alifariki Alhamisi, akazikwa siku ya pili yake.

Siku za taazia zilipokwisha, mtaa ukamwona Bibi Lubaba anakwenda kwa Bibi Atika na kile kitandiko kwapani, wakasema leo patachimbika. Akaingia, akaketi, akakiweka kati yao.

"Ungeniambia kina dhikri elfu mbili," akasema, "leo ningemuuliza Mola, elfu mbili zangu zimekwenda wapi? Ningekaa na kinyongo hicho mpaka kaburini. Lakini nilikuwa na neno moja tu, nalo nililisema na wewe ukaliitikia. Mwanangu namlilia, naumia. Lakini Mola simdai kitu."

Bibi Atika akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namdai. Nilidhani nimemlipa." Na akalia, yeye ambaye hakuwa amelia kaburini wala nyumbani, akalia mpaka ushungi ukalowa, na Bibi Lubaba amemshika mkono.

Siku ile walitega nyuzi mpya pamoja. Bibi Lubaba akauliza, ushanga wa kwanza ausemee nini. "Sema lililomo moyoni," Bibi Atika akamwambia, "na kama halimo kitu, nyamaza." Mstari wa kwanza wote ukapita kimya.

Nami sina ziada kubwa juu ya haya. Dhikri ni ibada, si bei. Mponyaji humponya amtakaye na humchukua amtakaye, na hatuna sisi cha kumnunulia. Kumpa aliyefikwa matumaini ya uongo ni kumwachia deni ambalo siku ya msiba atataka kumdai Mola wake. Mwenyezi Mungu atukinge na ulimi unaoutangulia moyo, na akitunyima tunachokiomba, asitunyime mtu wa kuketi nasi akaitikia amin.