Amiri Aliyeomba Radhi Kabla ya Hija

Wametusimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mpakani palikuwa na amiri aitwaye Abdulwarithi, mtu wa swala na mkono wazi. Ila moja tu: alipenda kujenga. Hazina ikikauka hukopa kwa matajiri kwa dhamana ya ushuru wa raia, na deni likiiva hukopa jingine kulilipa. Watu waliona ushuru unapanda tu, sababu hawaijui.

Aliyeijua ni Nuaimu, mtunza Baitulmali. Kila mkopo ulipita kwenye muhuri wake, na kila alipoubonyeza alijiambia, "Mimi nafuata amri." Nafsi bwana, haikosi udhuru.

Ukafika mwaka Amiri akanuia kuhiji. Ada ya mji ule, mwenye kwenda Makka husimama msikitini baada ya swala ya Ijumaa, akaomba radhi, na anayemdai akajitokeza. Amiri akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Ndugu zangu, mwenye haki yake kwangu na aseme."

Nani amdai mkubwa hadharani?

Nuaimu akaifikiria kazi yake, akafikiria wanawe watakula nini. Kisha akaifikiria Siku ile ambayo hapatakuwa na amri ya mtu ya kujifichia. Akainuka.

"Mwenyezi Mungu akutengenezee mambo yako, ewe Amiri. Wote hawa wanakudai, ila hawajui. Umekopa kwa jina lao, nami nikatia muhuri. Ushuru wa miaka ijayo tumekwisha kuula."

Amiri akamkazia macho. "Hilo ni deni la mji, Nuaimu, si langu."

"Mji haukuulizwa, bwana wangu."

Minong'ono ikazagaa. Amiri akajikaza, akawageukia watu. "Basi nisameheni." Nao, wengine kwa kumpenda, wengine kwa kumchelea, wakaanza kuitikia kwamba wamemsamehe. Ndipo ikasikika sauti nyuma ya pazia la wanawake, ya Bi Mahfudha, ajuza muuza chumvi.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu, duniani na akhera. Lakini mjukuu wangu bado yumo tumboni mwa mamaye, naye atalipa. Yeye utamwomba radhi lini?"

Amiri akakaa chini, akalia mbele ya raia zake.

Mwaka ule hakwenda. Ujenzi ukasimama, akauza farasi na mashamba yake mwenyewe. Nuaimu akabakishwa kazini, na kila Ijumaa akawa anawaeleza watu kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa. Wao wakiuliza, yeye akijibu. Deni likapungua, na ushuru nao ukashuka. Amiri alipoondoka hatimaye kwenda Makka, ndevu zilikwisha kuwa nyeupe, na watu walimsindikiza hadi lango la mji bila kuamrishwa na mtu.

Enyi waumini, aliye hai ukimwomba atakusamehe. Asiyezaliwa hana ulimi wa kukusamehe. Huyo dawa yake ni kulipa kabla hajafika.