Nundu Haigawanywi

Hapo zamani, si zile zamani za sungura na fisi, bali zamani za juzijuzi, za jozi moja ya viatu vya mpira kuvaliwa na watu wawili kwa zamu, palikuwa na kocha aliyeitwa Ambakisye Mwalwisi. Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana mwisho wa hadithi nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kocha Mwalwisi alifundisha mpira katika Chuo cha Mabonde, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Alichukua Kombe la Vyuo mara nyingi hata watu wa Mabonde wakachoka kushangilia. Kombe lenyewe lilikuwa bati tu. Kilichogombewa hasa ni fahali. Chuo kilichoshinda kilipewa fahali mzima, akachinjwa siku hiyohiyo, akachomwa, watu wakala mpaka wakafungua mikanda.

Lakini nundu ya fahali haikuliwa ovyo. Nundu ilikuwa ya mtu mmoja, yule aliyeleta ushindi, na jina lake ndilo ulilopewa uwanja wa chuo. Kocha ndiye aliyeshika kisu na kuchagua. Wengine hawakugusa hata utumbo kabla nundu haijapata mwenyewe. Tena nundu haigawanywi. Ukiigawa, walisema wakongwe wa vyuo, umetangaza kwamba hakuna aliyeshinda.

Huko Mabonde, Kocha Mwalwisi alikata nundu, akaila mwenyewe. Mwaka uliofuata akakata, akala. Hakuona haya wala hakusita, kwa maana ampe nani mwingine? Uwanja ukaitwa Uwanja wa Mwalwisi, na watu wakamtania kwamba iko siku yeye mwenyewe ataota nundu.

Kisha akaja mkuu mpya wa chuo, na mkuu mpya akaja na kocha wake, kijana mwenye cheti na miwani ya jua. Mzee akapewa saa ya ukutani na maneno matamu. Kabla hajamaliza kufunga mizigo, aliwaona mafundi wakilifuta kwa rangi jina lake pale ukutani. Lilimuuma, nisiwafiche. Alikuwa tayari kurudi kwao Tukuyu, maana ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini, ndipo wakaja wageni kutoka Chuo cha Luhanje kumwomba akawafundishe wao.

Luhanje iko juu milimani, mahali ambapo ukungu haupewi likizo. Unaweza kuanika shati asubuhi ukalianua jioni likiwa limelowa zaidi. Timu ya Luhanje haikuwahi kushinda kombe hata mara moja. Nundu waliijua kwa kusimuliwa. Mzee akafikiri moyoni kwamba ataiamsha timu hiyo iliyolala, ale nundu moja ya mwisho, na jina lake liandikwe tena mahali.

Aliyempokea kituoni alikuwa Mwalimu Atanasi Kisinga, mwalimu wa historia, mtu mwembamba mwenye koti refu. Kisinga ndiye aliyekuwa akiwafundisha mpira vijana wa Luhanje kwa miaka yote ile ya kushindwa. Alimwamkia mgeni, akambebea begi, na walipofika uwanjani akaivua filimbi shingoni mwake akamkabidhi.

"Karibu, mzee wangu," alisema. "Hawa watoto sasa ni wako."

Siku ya kwanza ya mazoezi ukungu ulikuwa umekaa uwanjani. Kocha Mwalwisi akasikia miluzi. Mluzi huku, mluzi kule, kila mmoja na sauti yake. Vijana wa Luhanje walikuwa watoto wa wafugaji, na kwao mtoto anayechunga kwenye ukungu bila mluzi hupotea yeye pamoja na ng'ombe. Mwalimu Kisinga alikuwa ameuchukua ujuzi huo akautia kwenye mpira. Mwenye mpira hunyamaza, wasio nao hupiga miluzi, na kila mluzi una mwenyewe, kwa hiyo mwenye mpira hujua ampasie nani hata asipomwona.

Mzee wa mabondeni hakulijua hilo, wala hakuuliza. Alisikia fujo tu. Akapuliza filimbi, akawasimamisha.

"Mpira unachezwa kwa macho," akasema. "Kuanzia leo, atakayepiga mluzi atakaa benchi."

Vijana wakamtazama Mwalimu Kisinga. Mwalimu Kisinga akanyamaza.

Kazi ikaanza. Kocha aliwakimbiza vijana mlimani, akawateremsha, akawapandisha tena. Zamani timu ya Luhanje ilikuwa ikifika kipindi cha pili wachezaji wote wameshika viuno. Sasa walimaliza mchezo wakiwa na pumzi ya kuimba. Aliwafundisha pasi fupi, aliwafundisha kukaba, aliwafundisha kumsubiri adui achoke. Nahodha wao, Festo Luvanda, alisahau siku moja akapiga mluzi. Akakaa benchi. Akasahau tena, akakaa tena. Mwalimu Kisinga alikuwa akitazama kando ya uwanja ndani ya koti lake.

Na Luhanje wakaanza kushinda. Walishuka kwenye vyuo vya chini, kwenye jua, wakashinda. Wakapanda vyuo vya juu, wakashinda. Ikafika fainali, na kura ikaamua ichezwe Luhanje. Wapinzani walikuwa nani? Nani tena kama si Mabonde, pamoja na yule kijana wa miwani ya jua.

Siku hiyo asubuhi palikuwa peupe. Kipindi cha kwanza Luhanje walicheza kama walivyofundishwa, pasi fupi na subira, wakapata goli. Kocha Mwalwisi alikunja mikono kifuani, akaanza kuonja mafuta ya nundu ulimini.

Kipindi cha pili ukungu ukashuka. Haukuja polepole. Ulikuja kama mtu aliyefunga pazia. Lango la kule likatoweka, likatoweka la huku, na mwamuzi akasema maadamu anawaona walio karibu naye, mchezo unaendelea. Kocha akabaki anatazama weupe mtupu. Kwa mara ya kwanza katika uzee wake hakujua timu yake inafanya nini. Akamgeukia Mwalimu Kisinga aliyesimama kando yake.

"Mwalimu, hawa wataweza kucheza hivi?"

"Wewe ndiye kocha," alijibu Kisinga, akaendelea kutazama ukungu.

Mara zikasikika kelele upande wa lango la Luhanje. Mabonde wanasema goli, Luhanje wanasema umetoka nje. Mshika kibendera hakuona. Mwamuzi alifika mbio akaukuta mpira uko nyuma ya lango, kwenye majani. Asiyekuwapo angesema umepita pembeni ya mwamba wa lango. Aliyeona ni mtu mmoja tu, golikipa wa Luhanje, Yusto Tweve. Mwamuzi akamuuliza yeye.

Yusto aliutazama mpira, akatazama nyavu. Kulikuwa na tundu, na tundu hilo alilijua vizuri. Kushona nyavu ilikuwa kazi yake, na wiki nzima alikuwa akisema atashona kesho.

"Uliingia, mwamuzi," akasema Yusto. "Umetokea kwenye tundu la nyavu. Ni goli."

Kocha Mwalwisi aliposikia alitaka kukasirika, hasira ikamkataa. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo. Katika miaka yake yote ya mpira aliwafundisha vijana wengi kudaka, na hakuwahi kumfundisha hata mmoja kusema vile.

Wakawa sare, goli moja kila upande. Miguu ya vijana wa Luhanje ikawa mizito, na Mabonde wakaanza kuwasukumia langoni mwao. Hapo ndipo uliposikika mluzi mmoja, mrefu, wenye kupanda mwishoni. Kila mtu wa Luhanje aliujua. Ni Festo Luvanda.

Kocha aliinua mkono kumkataza. Mkono wake mwenyewe hakuuona vizuri, sembuse wao wauone.

Ukajibu mluzi wa pili, mfupi mfupi. Ukajibu wa tatu kutoka pembeni. Miluzi ikaamka uwanja mzima, mmoja unaita, mmoja unaitika, na katikati yake ukasikika mpira ukipigwa, pu, kimya, pu, kimya. Kocha Mwalwisi alifumba macho, maana hayakuwa na kazi. Akasikia mpira ukitoka kwa beki ukaenda kwa kiungo. Akausikia ukihamia kwa winga. Pasi zilikuwa fupi, zenye subira, pasi alizozifundisha yeye, zikipita kwenye njia ambazo hakuzifundisha yeye. Mabonde walikuwa wakiulizana mpira uko wapi. Machozi yakamtoka mzee bila aibu, kwa sababu alikuwa ameishi na mpira maisha yake yote na hakujua kwamba unaweza kuwa hivyo.

Kisha mluzi wa Festo ukakatika, ukasikika mwamba ukilia.

Mpira ulikuwa umegonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi mikononi mwa golikipa wa Mabonde. Ulidunda ndani ya mstari au nje? Mwamuzi hakuona. Akafanya kama alivyofanya kwanza, akamuuliza golikipa. Yule kijana angeweza kusema lolote, na kocha wake wa miwani alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye ukungu kwamba haukuingia. Kijana alitazama kule lilikokuwa lango la Yusto, ingawa hakuona kitu.

"Uliingia," akasema. "Mwenzangu kasema kweli, na mimi siwezi kusema uongo."

Basi Luhanje wakashinda. Walilia, wakagaagaa kwenye matope, na wapishi walipiga sufuria mpaka zikabonyea. Fahali akachinjwa, akachomwa nyuma ya jiko la chuo, Mabonde nao wakakaribishwa. Nundu ikawekwa kwenye sinia mbele ya Kocha Mwalwisi pamoja na kisu. Watu wakaisogelea, mate yakiwajaa.

Kocha akasema, "Anayeona ni yake, aseme mwenyewe."

Akasimama Festo Luvanda. Alisema ushindi una mfungaji, na mfungaji ni yeye. Tena si goli tu. "Ulinikataza, Kocha, na ukanikalisha benchi. Ningekutii leo, fahali huyu angekuwa njiani kwenda Mabonde. Nilijua ukinikamata sitacheza tena, nikapiga." Sauti moja ikamkumbusha kwamba timu isiyomtii kocha si timu. Festo alikubali kwamba alikosa, ila hakukaa mpaka alipomaliza.

Akasimama Yusto Tweve. Alikiri mbele ya wote kwamba tundu lile lilikuwa uvivu wake. "Lakini niliposema kweli tulipoteza goli, na kwa kweli hiyohiyo tukalipata. Festo alipiga, sawa. Nani alilihesabu goli lake? Lilihesabiwa kwa sababu ya neno langu." Watu waligeuka kumtazama golikipa wa Mabonde, naye akainamisha kichwa akitabasamu.

Akasimama Mwalimu Kisinga, polepole, akafunga vifungo vya koti lake.

"Mimi nasema wazi, naitamani hiyo nundu," alisema. "Nimeitazama ikiliwa na watu wengine mpaka nimezeeka. Miluzi ni yangu. Hawa watoto niliwapokea hawajui hata kufunga kamba za viatu. Mzee wangu alikuta shamba limelimwa." Festo alimuuliza kwa adabu kwa nini alinyamaza siku miluzi ilipokatazwa, tena akanyamaza hata leo ukungu uliposhuka. Alisema alinyamaza kwa heshima. Kisha akasema kwamba labda pia alitaka kuona mzee akishindwa bila miluzi yake, na Mungu amsamehe.

Mwisho akasimama mkuu wa Chuo cha Luhanje, mama mtu mzima asiyejua mpira hata kidogo, akamsemea kocha. Alisema miluzi ilikuwapo Luhanje miaka na miaka, na fahali hakuonekana. Festo alikuwapo mwaka jana na mwaka juzi. "Kilichoongezeka mwaka huu ni mtu mmoja. Kama alikosea kukataza miluzi, ni yeye aliyewapa pumzi ya kuipiga mpaka dakika ya mwisho. Mzee, kata, ule. Ni yako."

Wanachuo walipiga makofi, na waliopiga makofi kwa Festo walipiga na hapo, maana njaa haichagui hoja.

Kocha Mwalwisi akashika kisu. Akaikata nundu kwenye mfupa, ikatoka nzima, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa ya moto na harufu yake aliijua. Alijua pia uwanja ule ukiitwa jina lake, hakuna mtu wa Luhanje atakayelifuta upesi. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, na alikuwa ameipata.

Ndipo likamjia jambo ambalo halikuwahi kumjia. Alijaribu kulikumbuka jina la mwalimu aliyewafundisha vijana wa Mabonde kabla yake, yule aliyempokea siku ile akiwa na nywele nyeusi, akamkabidhi filimbi. Alitafuta sura, akatafuta jina. Nundu ngapi alikula pale, na jina la yule mtu halikuja.

Akanyanyuka na nundu mkononi. Mbele yake walisimama Festo aliyevunja amri akafunga, Yusto aliyeacha tundu akasema kweli, na Kisinga aliyepanda akanyamaza. Wa nne alikuwa yeye mwenyewe, aliyekataza asichokijua na akawapa pumzi. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka jikoni, nyama ilikuwa inapoa, na nundu haigawanywi.

Mimi kisu sinacho, nimewaachia ninyi. Msinijibu wote kwa pamoja. Je, nani alistahili nundu?